Masomo Arobaini na Mawili ya Mkufunzi

Mwalimu aliongea kwa mikono kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mama yake alikuwa kiziwi, fundi cherehani aliyeweka mashine yake kwenye kibaraza cha nyumba ya kupanga, na baba alikuwa mtu wa safari aliyeonekana kwa nadra. Kwa hiyo yeye, mtoto wa pekee, ndiye aliyekuwa masikio ya nyumba. Mteja akija kulalamika kwamba gauni linambana, mtoto anatafsiri. Mwenye nyumba akifoka mlangoni, mtoto anatafsiri, na mara nyingine anapunguza makali, maana mama naye alikuwa na moto wake na mkasi haukuwa mbali.

Alipokuwa na miaka tisa alimsindikiza mama hospitali. Mama alikuwa na mimba ya miezi saba. Daktari alimpima, akapima tena, halafu akamgeukia mtoto badala ya kumgeukia mama.

"Mwambie mama yako," alisema, "mdogo wako ameshafariki tumboni."

Mama alikuwa amelala pale kitandani, macho kwenye mikono ya mwanawe, anangoja. Mtoto angeweza kusema lolote. Akasema kile alichoambiwa, neno kwa neno, hakuruka hata moja. Mama hakulia pale pale. Alimshika mikono yote miwili akaifumba ndani ya yake, kama mtu anayetaka inyamaze.

Miaka ikaenda. Mama akafariki, mtoto akawa mtu mzima, akasoma, akaajiriwa chuo kikuu kufundisha lugha ya alama katika Idara ya Elimu Maalumu. Idara yenyewe ilikuwa vyumba vinne kwenye ghorofa ya pili ya jengo la zamani, na korido ambayo taa yake ilipepesa mwaka mzima. Sehemu ya lugha ya alama ilikuwa na watu wawili tu, yeye na mtu ambaye chuo kizima kilimwita Mkufunzi.

Mkufunzi alizaliwa kiziwi. Mwalimu alimkuta kwenye mkutano wa chama cha viziwi, enzi hizo Mkufunzi akiwa seremala, anasimulia jinsi ng'ombe alivyomkimbiza askari hadi juu ya paa la kibanda. Alikuwa ng'ombe, alikuwa askari, alikuwa kibanda chenyewe kinachotikisika. Watu walivunjika mbavu. Mwalimu alicheka hadi machozi, lakini kichwani alikuwa akijiambia, huyu ndiye anayestahili kusimama mbele ya darasa, si mimi. Ilimchukua miaka miwili ya kugonga milango hadi chuo kikubali kumwajiri mtu asiye na shahada. Wakampa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Kila Desemba mkataba ulikwisha, kila Januari ulirudi. Ulirudi mara kumi na moja.

Darasani kwake hakuna aliyeruhusiwa kutoa sauti. Siku ya kwanza ya muhula aliingia, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa FUNGA MDOMO, akakunja mikono. Wanafunzi walicheka, halafu wakajikuta wamenyamaza kweli, na kufikia wiki ya tatu walikuwa wanabishana kwa vidole kutoka mstari wa mbele hadi wa nyuma. Uso wake ulikuwa nusu ya somo. Nyusi zikipanda, ni swali. Midomo ikibinuka, maana imegeuka. Mwanafunzi akikosea, alimshika mkono kwa upole akaunyoosha kidole kimoja kimoja, kama anavyonyoosha mbao.

Yeye na Mwalimu waliitana kaka na dada. Mke wa Mkufunzi, kiziwi vilevile, alimwita Mwalimu wifi, naye Mwalimu alimwita hivyohivyo, na mwanamke huyo hakuwa na haya. Akimkuta Mwalimu amekonda, alimwambia waziwazi kwamba anafanana na ufagio.

Kisha ikaja barua. Ilitoka juu kabisa, ikabandikwa kwenye kila mlango: kila idara ihakikishe kozi zake zote ziko mtandaoni ifikapo mwanzo wa mwaka wa masomo. Ilikuwa na muhuri na saini. Nani atafanya, kwa kifaa gani, na kwa saa zipi, haikusema.

Mafunzo yalikuwa ya nusu siku. Kijana mmoja aliyevaa vizuri aliwaonyesha walimu mia na zaidi mpangilio ambao idara zote zingeutumia: slaidi zinajaa kioo, sauti ya mwalimu inaeleza, na mwalimu mwenyewe anaonekana kwenye kisanduku kidogo pembeni, kichwa na mabega.

Mwalimu alinyoosha mkono. "Na sisi tunaofundisha kwa mikono?"

Ukumbi ukacheka. Kijana naye akacheka, bila ubaya. "Mama, wewe weka tu maelezo ya sauti."

Alijaribu. Aliegemeza simu kwenye rundo la vitabu sebuleni kwake, akamsimamisha Mkufunzi mbele ya pazia la maua, wakarekodi somo la kwanza. Walipotazama, mikono yake ilikuwa inatoka nje ya picha kila mara, na maua ya pazia yalimeza vidole. Mkufunzi alitazama mpaka mwisho, halafu akasema, "Huyu mtu ana vidole vitatu. Tumpeleke hospitali."

Mwalimu alikwenda kwenye Kitengo cha Masomo ya Mtandao akiwa na kisirani chake tayari mdomoni. Alidhani atakuta ofisi kubwa. Alikuta chumba chini ya ngazi, meza moja, na mwanamke mmoja aliyekuwa anakula ndizi huku anaongea na simu. Wote walimwita Dada wa Kitengo.

"Mwalimu, karibu," alisema alipokata simu. "Nikwambie ukweli kabla hujanigombeza. Nina idara kumi na tisa, na niko peke yangu."

Kisirani kikamwishia. Akaketi, akaeleza. Dada wa Kitengo hakumpa fomu wala hakumwonyesha slaidi. Aliuliza, "Naweza kuja kukaa darasani kwenu?"

Alikuja wiki tatu mfululizo. Alikaa nyuma na mdomo wake ameufunga kama wengine, na Mkufunzi alimnyoosha vidole kama wengine. Baada ya hapo ndipo alipofungua daftari lake. Alisema mpangilio wa chuo hauwafai, watengeneze wa kwao: Mkufunzi ajaze kioo chote, kuanzia kichwani hadi kiunoni, ukuta wa rangi moja nyuma yake, shati jeusi, kamera ya pili pembeni ili mwanafunzi aone mkono kutoka upande. Masomo yawe mafupi, dakika saba au nane. Na mara moja kwa wiki Mkufunzi akutane na wanafunzi kwa simu ya video, amtazame kila mmoja na kumsahihisha. "Bila hilo la mwisho," alisema, "mtakuwa mmetengeneza sinema, si kozi."

Alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa kitivo, akamwomba Mwalimu apunguziwe darasa moja kwa muhula ule. Mkuu aliguna, akakubali. Katika miaka yote ya kazi, hiyo ilikuwa mara ya kwanza chuo kumpa Mwalimu kitu alichohitaji kabla hajakipigania. Alitoka pale anatembea kama msichana.

Aliyegoma alikuwa Mkufunzi.

"Mimi nachoka, naumwa, nazeeka," alisema. "Huyo wa kwenye kioo hachoki. Siku moja watatulinganisha."

"Haiwezekani, kaka. Hukusikia alichosema? Lazima uwepo kila wiki."

"Sikusikia," alisema, uso mkavu. Ulikuwa utani wake wa kale, na Mwalimu akamchapa begani.

"Nakuahidi," alisema. "Mimi nipo."

Siku ya kwanza ya kurekodi, Dada wa Kitengo alikuwa ameazima kamera mbili kutoka idara nyingine, zirudi saa sita juu ya alama. Kamera zimesimama, taa zimewashwa, ndipo karani wa utumishi akaleta fomu. Kila anayerekodiwa lazima aitie saini. Ilikuwa karatasi moja, imejaa maandishi madogo ya kisheria mbele na nyuma. Mkufunzi alisoma maandishi ya kawaida bila taabu, lakini yale yalikuwa Kiswahili cha mahakamani, sentensi moja mistari sita. Akamtazama Mwalimu. "Inasema nini?"

Mwalimu alipitisha macho. Aliona maneno "haki zote za matumizi", aliona "bila kikomo", aliona "pasipo wajibu wa kuendeleza ajira". Aliyaona. Lakini saa ya ukutani ilikuwa saa nne na nusu, na mambo ya ofisini siku zote huandikwa kwa vitisho, na nani huyafuata?

"Ni ruhusa ya kuweka video mtandaoni," alisema kwa mikono. "Tia saini hapa."

Mkufunzi akatia saini.

Walirekodi muhula mzima, masomo arobaini na mawili. Somo la familia alimleta mkewe, wakagombana kwa mapenzi mbele ya kamera kuhusu nani ni shemeji wa nani, na Dada wa Kitengo akacheka hadi kamera ikatikisika na ikabidi warudie. Kozi ilipofunguliwa, badala ya wanafunzi thelathini walijiandikisha mia moja na sitini. Walikuwemo wauguzi, mapolisi, karani wa benki, na baba mmoja wa mtoto wa miaka minne aliyeandika kwamba jana, kwa mara ya kwanza, mwanawe alimwambia ameota. Mkufunzi aliusoma ujumbe ule mara tatu. Kila Jumatano jioni alikaa mbele ya kompyuta, amevaa shati jeusi, akiwasahihisha watu ambao hakuwahi kuwagusa. Kwenye kikao kikuu cha chuo kozi ilitajwa kuwa mfano wa kuigwa. Mwalimu alipewa cheti. Mkufunzi alipigiwa makofi, na mtu wa pembeni ikabidi amguse ili ageuke ayaone.

Desemba mkataba ukaisha. Januari haukurudi.

Ofisa utumishi aliwaita wote wawili. Alimhitaji Mwalimu atafsiri. Hakuwa mtu mbaya. Aliwapa viti, akawapa maji.

"Mwalimu, naomba umweleze kwamba chuo kinamshukuru sana," alianza. "Ila nafasi yake haipo tena kwenye ikama. Kozi imesharekodiwa, iko kamili. Tumepunguza nafasi za mikataba katika kila kitivo."

"Na vikao vya kila wiki?" Mwalimu aliuliza. Sauti ilikuwa yake mwenyewe. Alikuwa amesahau kwamba ameitwa kutafsiri.

"Wanafunzi watatazama video, Mama. Ndiyo faida ya mtandao."

"Kozi ile bila yeye ni sinema."

"Mama, saini yake ipo." Akafungua jalada, akaisukuma ile karatasi mezani. "Kipengele cha tano."

Mkufunzi alikuwa anawatazama midomo, mmoja baada ya mwingine. Akagusa meza. "Nieleze."

Mwalimu akaeleza. Hakuruka kitu. Alitafsiri shukrani, alitafsiri ikama, alitafsiri sinema na jibu lake. Mikono ilikuwa imepoa kama ya mtu aliyetoka kuosha nguo. Alipofika kwenye kipengele cha tano, Mkufunzi alimzuia.

"Siku ile ya kamera, karatasi ilisema hivi?"

"Ndiyo."

"Uliona?"

Ofisa aliwatazama bila kuelewa. Mwalimu alijua kwamba angeweza kusema hakuona. Maandishi yalikuwa madogo, angeaminiwa.

"Niliona," alisema. "Nilidhani si kitu. Nilikuwa na haraka."

Mkufunzi alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepima ubao na kukuta umepinda. Alichukua barua ya kusitishwa kazi iliyokuwa mezani, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni, akampa ofisa mkono, akatoka. Mwalimu alimkimbilia kwenye korido. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba kumwita hakuwezekani. Mtu akikupa mgongo na hasikii, umebaki na mgongo. Angeweza kumshika bega. Hakuthubutu.

Alipigana, hilo lazima lisemwe. Aliandika barua ya kurasa sita, na Dada wa Kitengo akaitia saini naye, ingawa bosi wake alimwambia atajuta. Alikwenda kwa mkuu wa idara, aliyempa pole, na kwa mkuu wa kitivo, aliyesema mkono wake haufiki huko. Muhula ule wa kwanza bila Mkufunzi, wanafunzi walipungua nusu. Waliobaki walijifunza makosa yao wenyewe wakayakomaza. Muuguzi mmoja aliandika kwamba alikuwa amemwelekeza mgonjwa kiziwi namna ya kumeza dawa, na mgonjwa alimtazama kwa huruma, akamwomba kalamu. Mwalimu alijaribu kuendesha vikao peke yake, lakini alikuwa na madarasa manne mengine. Jumatano ilipofika alikuwa hana hata nguvu ya kuinua nyusi.

Nyumbani kwa Mkufunzi alikwenda mara moja. Wifi alifungua mlango, akasimama kizingitini. Safari hii hakumtania kuhusu kukonda.

"Amekwenda kutafuta kazi," alisema.

"Nitamngoja."

"Usimngoje." Kisha, kwa sababu hakuwa na haya hata siku moja, akaongeza, "Chuo hakimjui. Hata hatukilaumu. Wewe unamjua."

Mwaka mmoja na nusu ukapita. Malalamiko ya kozi yalipozidi, na si kozi ile peke yake, chuo kiliunda kamati. Barua ya kurasa sita ikachomolewa kwenye kabati fulani. Kamati ikakubali karibu yote: kila idara inayotengeneza kozi ipunguziwe madarasa, Kitengo kiongezewe watu, kila kozi iwe na mkufunzi aliye hai anayekutana na wanafunzi, aliyerekodiwa asipoteze kazi kwa sababu ya kurekodiwa, na akiondoka aweze kuomba video zake ziondolewe. Fomu nayo iandikwe kwa lugha ya kueleweka. Dada wa Kitengo alipata wasaidizi wawili na chumba chenye dirisha. Mwalimu alipata barua ya kumrudisha Mkufunzi kazini, ajira ya kudumu.

Alimpelekea mwenyewe. Mkufunzi alikuwa kwenye karakana ya samani nyuma ya soko la mbao, nywele zimejaa unga wa msumeno. Alizima mashine, akapangusa mikono, akasoma barua amesimama. Aliisoma yote, na upande wa nyuma pia, ambao haukuwa na kitu.

"Imeandikwa vizuri," alisema.

"Nimesoma kila mstari, kaka. Niulize chochote."

"Sina swali." Alimrudishia. "Kila Desemba, miaka kumi na moja, nilikuwa sipati usingizi. Mke wangu alikuwa hanisemeshi mwezi mzima, ananiogopa. Sasa hapa nikimaliza mlango, mlango umekwisha. Sirudi."

"Ni ajira ya kudumu."

"Nimeona."

Mwalimu alisimama katikati ya mbao, hajui aweke wapi mikono. Mwishowe akasema lile alilokuwa amelibeba mwaka na nusu. "Nisamehe."

Mkufunzi alipangusa unga wa msumeno kwenye mkono wa shati. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Mwalimu. Hasira angejua pa kuishika.

"Nilikusamehe zamani," alisema. "Lakini siku nyingine nikipewa karatasi, sitakupa wewe unisomee. Nitampa binti yangu." Akageukia mashine, halafu akageuka tena. "Hizo video. Barua inasema naweza kuomba ziondolewe?"

"Unaweza."

"Ziondoe."

Ziliondolewa siku ya Jumatatu asubuhi. Dada wa Kitengo alikaa mbele ya kompyuta, Mwalimu pembeni yake. Mfumo ulikuwa unauliza kwa kila somo: una hakika? Ikabidi wajibu mara arobaini na mbili. Walipofika kwenye somo la familia, Dada wa Kitengo aliondoa mkono kwenye kipanya.

"Hili tulitazame kidogo, Mwalimu?"

"Usilifungue," alisema Mwalimu. "Endelea."

Kozi ilirekodiwa upya mwaka uliofuata na mkufunzi mwingine, msichana kiziwi mpole, mwenye mikono safi. Siku ya kutia saini fomu Mwalimu alikaa naye kutwa nzima, na kamera zikangoja. Msichana huyo ni mwalimu mzuri. Hasimulii ng'ombe na askari, lakini wanafunzi wanampenda, na waliojiandikisha sasa wamepita mia mbili.

Mwalimu na Mkufunzi wanaishi mji mmoja, hukutana mara moja moja, foleni ya benki au duka la dawa. Viziwi wakikutana barabarani huwa hawaachani upesi. Husimama wakazuia njia, wakaulizana watoto, magonjwa, umbea wa chama. Lakini Mkufunzi humwuliza tu habari za kazi. Mwalimu hujibu nzuri, naye huuliza habari za nyumbani. Nzuri, husema Mkufunzi. Kisha huinua kiganja, humpisha apite, na kila mmoja hushika njia yake.